Gauni Lenye Mifuko

Kitu cha kwanza alichokiona Kimya ni kwamba mama yake hafungui milango.

Ilikuwa asubuhi, mama amerudi nyumbani jana yake tu. Chai ilikuwa imechemka. Bibi alikuwa uani, anafagia huku akigombana na kuku wa jirani. Mama alitoka chumbani, akafika kwenye mlango wa uani. Mlango ulikuwa umerudishwa tu, haukutiwa komeo. Hata mtoto angeusukuma kwa kidole. Lakini mama alisimama mbele yake, mikono nyuma, macho chini. Akasubiri.

Kimya alikuwa anaosha vikombe. Alimtazama mama, akangoja kidogo. Kisha akanyanyuka, akausukuma mlango.

"Ahsante," mama akasema, akapita.

Kimya hakusema kitu. Ndiyo tabia yake, na ndiyo maana walimwita Kimya. Jina lake la kuzaliwa lilibaki shuleni, na shule yenyewe aliiacha darasa la tano.

Lakini bibi naye alikuwa ameona, na bibi hakuumbwa kunyamaza.

"Mwanangu," alimwambia mama, "huo mlango unang'ata?"

Mama alicheka kidogo. "Nimezoea kufunguliwa, mama. Kule ukigusa mlango mwenyewe, ni kosa."

"Basi hapa usipougusa ndiyo kosa. Magoti yangu mabovu. Mimi siwezi kuwa askari wako."

Kule maana yake ni gerezani. Nyumbani kwao hawakulitaja neno hilo. Walisema "kule" tu, na kila mtu alielewa.

Zamani mama alikuwa anauza vitambaa sokoni. Siku moja alinunua mzigo wa vitambaa vya wizi, naye alijua ni vya wizi. Alikamatwa, akakiri, akafungwa. Kimya alikuwa bado mdogo, anavaa sare ya shule yenye kola nyeupe.

Tangu siku hiyo swali moja lilimfuata kama kivuli. Watoto wenzake walimuuliza. Mwenye duka alimuuliza. Hata wageni waliokuja kuoa nyumba ya pili walimuuliza: "Mama yako yuko wapi?" Kimya alitazama vidole vyake vya miguu mpaka muulizaji akachoka. Baadaye aliacha shule, akamsaidia bibi kufua nguo za watu. Akakua msichana mkubwa. Vidole vya miguu alivijua vizuri kuliko nyuso za majirani.

Sasa mama alikuwa amerudi, na hakurudi mikono mitupu. Alirudi na ufundi, na alirudi na cherehani.

Ufundi aliupata kule kule, kwenye karakana ya ushonaji. Alipokaribia kutoka, aliingia pia katika darasa la biashara. Walikuwa wanafundishwa na mwanamke mmoja mnene, mcheshi, aliyetoka kwenye chama cha kuwasaidia wafungwa. Wote walimwita Mwalimu. Yeye hakuwaacha wanafunzi wake getini. Wakitoka, aliwafuata mpaka majumbani kwao.

Cherehani ilikuwa ya chama. Mama alipewa kwa masharti, na masharti yalikuwa mepesi kueleweka. Shule zikifunguliwa, Mwalimu angekuja kuangalia. Akikuta cherehani inafanya kazi na wateja wapo, ingekuwa mali ya mama. Akikuta imelala, angeichukua ampe mwingine.

"Na huyo mwingine yupo," mama alimwambia bibi. "Namfahamu. Tulikuwa benchi moja. Anakaribia kutoka, na hana pa kushika."

"Basi usingizi wa hiyo cherehani ndiyo uamsho wake," bibi akasema. "Ishonee!"

Mama akaishonea kweli.

Walikuwa na chumba kimoja kilichotazama barabara. Kulia kwake palikuwa na kinyozi. Kushoto palikuwa na muuza ndoo na mabeseni, mtu wa maneno mengi, ambaye mtaa mzima ulimwita Baba Ndoo. Mama aliweka cherehani katikati ya chumba, akatundika kamba ukutani, akaanza kushona sare za shule. Alishona kaptula za wavulana na magauni ya wasichana. Sindano ilikimbia kama mvua juu ya bati. Kila mshono aliupita mara mbili. Kifungo chake hakikung'oka hata ukikivuta kwa meno.

Kimya alipiga pasi na kukunja. Hakuwahi kuona nguo imara namna ile.

"Sasa tungoje," mama alisema, akairudisha milango ya duka nyuma yake kama alivyozoea. "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."

Wateja walikuja wachache. Wale waliogonga na kuingia walisifu. Walivuta kitambaa, wakaangalia pindo, wakatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha mkono wa mteja uliteleza ubavuni mwa kaptula. Ukatafuta kitu. Ukateleza tena. Mwisho mteja akairudisha kaptula kwenye kamba.

"Nzuri sana, fundi. Nitarudi."

Wa pili naye alisema nitarudi. Wa tatu vilevile.

"Huyu Nitarudi ana ndugu wengi mjini," bibi akasema. "Lakini sijaona hata mmoja aliyefika."

Kimya, kutoka kwenye kona yake ya pasi, aliiona ile mikono inavyoteleza. Aliona inatafuta nini. Alijua. Lakini alijiuliza: Yeye ni nani amfundishe fundi mwenye cheti? Labda mama ana sababu yake. Akaendelea kukunja.

Baba Ndoo alichungulia. "Dada, shusha bei! Watu wa hapa wanapenda rahisi."

Mama akashusha bei. Ikawa mbaya zaidi.

"Mbona rahisi hivi?" mwanamke mmoja aliuliza, akiinua gauni juu kulitazama. "Nguo imara kama hii? Zimetoka wapi?"

Mama alibadilika rangi. Swali hilo alishawahi kuulizwa, na mahakamani.

"Nashona mwenyewe," akajibu.

"Kumbe. Ulijifunzia wapi?"

"Mbali kidogo."

"Mbali wapi?"

Mama akashika mkasi, akajifanya anakata uzi. Yule mwanamke alilitazama gauni, akamtazama mama, akaliweka chini polepole. Hata nitarudi hakusema.

Jioni ile kamba ukutani ilikuwa imejaa sare. Mama alitia mafuta kwenye cherehani ingawa haikuhitaji. Alikuwa anaifuta kama mtu anayemuaga mgeni.

"Shule zinakaribia kufunguliwa," alisema. "Yule wa benchi langu ataipata. Na afadhali aipate. Huenda yeye ana bahati ya wateja."

Kimya alipeleka makaa ya pasi nje, akakaa huko mpaka macho yalipokauka.

Mwalimu alikuja kabla ya siku yake. Alikuja bila kubisha hodi. Walikuwa ndani, mama anashona, milango imerudishwa, mara sauti ikasikika nje:

"Hapa pana watu au pana panya wanaojua kushona?"

Mama aliruka, akasimama wima, mikono nyuma. Kimya ndiye aliyefungua. Mwalimu aliingia akijipepea kwa mtandio.

"Shikamoo, mama," alimsalimia bibi.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuchukua mali yenu?"

"Nimekuja kunywa maji kwanza." Alikunywa, akashusha pumzi. "Nimekaa kwa kinyozi muda mrefu, natazama mlango wenu. Watu wamepita na watoto wao, wanatafuta sare. Wote wametazama hapa, wakaendelea na safari. Unajua kwa nini, dada?"

"Sina bahati," mama akasema.

"Bahati gani? Duka limefungwa! Mtu wa nje atajuaje kwamba kuna fundi nyuma ya mbao?"

"Sijalifunga. Nimerudisha tu."

"Na mteja asukume? Mteja si askari, dada yangu. Hatakuja na funguo. Watu husema kizuri chajiuza. Sawa, lakini hakijiuzi kikiwa kifungoni."

Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. Mama naye akatabasamu. Mwalimu akaipanua milango yote miwili, akaiwekea jiwe. Mwanga ukaingia ukafika mpaka kwenye kamba ya sare. Vumbi likaonekana, na rangi ya vitambaa ikaonekana.

"Hilo la kwanza. La pili. Wale walioingia, kwa nini hawakununua?"

"Walisema nzuri. Walisema watarudi."

"Mteja akisema nzuri na asinunue, ujue mdomo wake unakuheshimu tu. Mtazame mikono. Nani hapa anawatazama wateja mikono?"

Mama akaitazama cherehani. Yeye macho yake yalikuwa kwenye sindano siku zote.

"Muulize mke mwenzangu," bibi akasema, akimwelekezea Kimya kidole. "Huyu hasemi, lakini anaona. Anaona hata sisimizi wakikonyezana."

Wote wakamgeukia. Kimya alitazama vidole vyake vya miguu. Vilikuwa pale pale. Havikumsaidia.

"Sema, mwanangu," Mwalimu alimwambia kwa upole. "Ukikosea hatutakukata."

"Mifuko," Kimya akasema.

Ilitoka kama pumzi. Mama akainama ili asikie. "Mifuko gani?"

"Wanatafuta mifuko, mama. Wanapitisha mkono hapa." Akajigusa ubavuni. "Hakuna."

Mama akashusha kaptula moja kutoka kwenye kamba. Akapitisha mkono wa kulia, akapitisha wa kushoto. Akashusha ya pili, kisha gauni. Akazigeuza nje ndani, ndani nje. Halafu akaketi juu ya kiti cha cherehani.

"Kule hatukuweka mifuko," alisema taratibu. "Nguo ya mfungwa haina mfuko, asije akaficha kitu. Nimeshona mamia ya nguo. Sijawahi kushona mfuko hata mmoja."

 Kisha mabega ya mama yakaanza kutikisika. Bibi alidhani analia, akataka kunyanyuka. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Nimewafunga watoto wa watu!" akasema. "Mtaa mzima nimeushonea jela!"

Mwalimu alicheka pia, akajipiga paji la uso. "Na mimi mwalimu wenu! Nimewafundisha faida na hasara, nikawafundisha akiba. Mfuko nikausahau!"

Walipotulia, Mwalimu alisogeza kiti karibu na mama.

"Sikiliza, dada. Kule ulishona, nguo ikatoka, mtu akaivaa. Hakuchagua. Aliyeagiza alikuwa mkubwa wa karakana. Huku nje mvaaji ana mdomo, na ana maduka mengine. Kwa hiyo mkasi usitangulie. Litangulie swali. Muulize anayevaa: unataka nini? Ukishasikia, ndipo ukate. Na usishone kumi mara moja. Shona moja au mbili, uone zinapokelewaje. Kitambaa kilichokatwa hakirudi."

"Niwaulize watu wote hao?" mama akauliza. "Mimi bado nikiona mtu mgeni nasimama mikono nyuma."

"Binti yako ataanza."

Kimya alishtuka kama aliyemwagiwa maji.

"Siwezi, Mwalimu. Watu wazima siwawezi."

"Nani kasema watu wazima? Sare zinavaliwa na nani? Nenda kwa watoto. Na beba swali moja tu, ili lisikulemee. Waulize: unabeba nini?"

Kesho yake Kimya alienda bombani, mahali ambapo watoto wa mtaa walikusanyika wakati wa likizo. Alisimama kando kwa muda, ndoo mkononi. Kisha akamsogelea mvulana mmoja aliyekuwa na mifuko iliyotuna.

"Unabeba nini?" aliuliza, kwa sauti ndogo.

Mtoto ukimuuliza swali kama hilo umemfungulia bwawa. Alitoa gololi. Akatoa kipande cha mkate na kifutio kilichotafunwa. Akatoa jino.

"La nani?" Kimya akauliza.

"La dada yangu. Nalitunza."

Watoto wakamzunguka. Kila mmoja alitaka kuonyesha vyake. Mmoja alikuwa na konokono, naye alilalamika kwamba mifuko yake ni mifupi, konokono anatoka. Kimya alisikiliza, akakumbuka yote. Alipotaka kuondoka, msichana mmoja mwembamba alimvuta kanga.

"Mimi hujaniuliza."

"Haya. Wewe unabeba nini?"

Msichana akachomoa kalamu kwenye nywele zake zilizosukwa. Akatoa ufunguo wa nyumba uliofungwa kwa uzi shingoni. Akavua kiatu, akatoa sarafu.

"Naumia nikitembea," alisema. "Kaka yangu ana mifuko mbele na nyuma. Gauni langu halina hata mmoja. Kwani wasichana hatuna vitu?"

Kimya alicheka kwa sauti. Wanawake waliokuwa wanateka maji waligeuka. Hawakuwahi kumsikia akicheka.

Alirudi nyumbani mbio, nusu ya maji yamemwagika. "Mama," alisema, "kaptula tuzitie mifuko mirefu. Lakini magauni ndiyo muhimu zaidi. Hakuna fundi anayetia mifuko kwenye magauni. Hakuna hata mmoja!"

Bibi alimtazama mama. "Umesikia? Ameongea sentensi nzima."

"Zilikuwa nne," mama akasema.

Mfuko wa kwanza ulikuwa kichekesho. Mama alikata mabaki ya kitambaa, akayapima vizuri, akashona kwa umakini wote. Alipomaliza, bibi alijaribu kuingiza mkono. Haukuingia. Mama alikuwa ameushona pande zote nne.

"Mwanangu," bibi akasema, "huo si mfuko. Hicho ni kiraka."

"Mikono ndiyo imezoea kufunga," mama akasema. Akafumua, akaanza upya. Mfuko wa pili ulifunguka. Mama akatia mkono wake ndani, akauacha humo kitambo, kama mtu aliyepata mahali pa kuuweka.

Hakushona magauni kumi. Alishona mawili, kama Mwalimu alivyoshauri. Mifuko ilikuwa mirefu, na mmoja ulikuwa na kifuniko chenye kifungo, kwa ajili ya ufunguo na sarafu. Gauni moja likatundikwa mlangoni, mahali ambapo mpita njia angeliona. La pili walimpa yule msichana mwembamba ajaribu kulivaa.

Yule msichana akawa tangazo lenye miguu. Alizunguka mtaa mzima mikono mifukoni, kifua mbele, kama mwenye mji. Kabla ya jua kuzama mama yake alifika dukani. Alikuwa mfagiaji wa hospitali, mwanamke wa sauti kubwa, bado amevaa viatu vya kazi.

"Nani kamshonea mwanangu gauni hili?" aliuliza.

Mama alisimama. Mikono ilitaka kwenda nyuma. Akaishikisha utepe wa kupimia. "Mimi, dada. Kuna tatizo?"

"Tatizo ni kwamba hatoi mikono mifukoni hata akila! Nimlishe mimi? Nipe na la mdogo wake. Na mwenzangu huyu anataka mawili."

Huyo mwenzake alikuwa mwanamke mwenye miwani aliyekuja naye. Aliligeuza gauni la mlangoni, akachunguza mshono. "Kazi nzuri sana. Ulijifunzia wapi, fundi?"

 Kimya aliiacha pasi. Wakati Mwalimu anaondoka siku ile, mama alimuuliza kuhusu swali hili. Mwalimu alimjibu hivi: "Huna deni la kumtangazia kila mpita njia. Lakini ukiulizwa, usidanganye. Uongo ni mshono wa uzi mmoja. Ukikatika mahali, nguo yote inafumuka."

Mama akashusha pumzi.

"Nilijifunzia gerezani," alisema. "Nilifungwa kwa kosa langu. Nimemaliza. Sasa nashona, na vitambaa vyangu nanunua duka la jumla la pale kona. Ukitaka kuhakikisha, waulize."

Mwanamke mwenye miwani alilishusha gauni. "Samahani," alisema, "nimekumbuka nina safari." Akatoka.

Mama alitazama sakafu. Akaanza kuukunja ule utepe.

Mfagiaji wa hospitali alimsindikiza mwenzake kwa macho, akamgeukia mama. Akashika mshono wa gauni, akauvuta kwa nguvu zake zote. Haukuachia.

"Ndiyo maana," alisema. "Mishono ya jela! Haitoroki!"

Baba Ndoo, aliyekuwa anasikiliza nje kama kawaida yake, aliangua kicheko mpaka akaangusha mabeseni. Kinyozi akatoka na mashine yake mkononi kuuliza kuna nini. Mama alicheka, akajifuta macho kwa utepe. Na neno lile "kule" likafa siku hiyo. Tangu hapo walisema "gerezani", kama watu wanavyotaja mahali pengine popote.

Wateja wakaanza kuja. Wengine walikuja kwa sababu ya mifuko. Wengine walikuja kwa sababu ya kichekesho cha Baba Ndoo, ambaye alikisimulia kwa kila aliyenunua ndoo. Kimya ndiye aliyewapima watoto, na alimuuliza kila mtoto swali lake lile lile: unabeba nini? Mvulana wa konokono alipata mfuko wenye kifuniko.

Jambo moja tu lilileta ugomvi, na ugomvi wenyewe ulikuwa wa bibi. Pesa za wateja zilikuwa zinaingia kwenye kopo moja. Bibi alichota humo za sukari, akachota za sabuni, akachota na za mchango wa msiba. Siku mama alipotaka kununua kitambaa, kopo lilikuwa tupu, linalia peke yake.

"Mama!" alisema. "Hizi ni za vitambaa!"

"Pesa zina majina?" bibi akauliza. "Mimi nimeona pesa tu."

Mama akakumbuka darasa la Mwalimu. Akaleta kopo la pili. Kopo la kwanza likawa la biashara: kitambaa, uzi, vifungo. La pili likawa la nyumbani, na humo mama alijilipa kila wiki kama fundi yeyote. Kisha akafanya jambo la busara kuliko yote. Kopo la biashara alimkabidhi bibi alilinde. Tangu siku hiyo hata mama mwenyewe hakuweza kuchukua bila kuhojiwa.

"Unataka za nini?" bibi aliuliza, akilikumbatia kopo.

"Za uzi, mama."

"Uzi wa rangi gani?"

Shule zilipofunguliwa, Mwalimu alikuja siku yake. Milango ilikuwa wazi, jiwe limewekwa. Alitafuta mahali pa kukaa akakosa, maana viti vyote vilikuwa na wateja. Alisimama kando akatazama mama anavyokata, Kimya anavyopima, bibi anavyolinda. Baadaye alikwenda kwenye cherehani, akaigonga kidogo begani, kama unavyompongeza mtu.

"Hii haiondoki hapa," alisema. "Ni yako, dada. Hongera."

Bibi akapiga kigelegele kilichowaogopesha wateja wa kinyozi. Mama aliweka mkasi chini. Lakini hakucheka mara moja.

"Na yule wa benchi langu?" aliuliza. "Yeye atashona kwa cherehani gani?"

"Anatoka wiki hii. Cherehani yake bado tunaitafuta."

"Basi mpaka ipatikane, aje hapa. Mimi nikate, yeye ashone. Sasa hivi kazi inatuzidi. Na nitamfundisha mifuko."

"Mifuko nitamfundisha mimi," Mwalimu akasema. "Hilo sasa ni somo darasani kwangu. La kwanza kabisa."

Siku chache baadaye, mchana, duka lilikuwa na watu. Mama alikuwa chumba cha nyuma anatafuta vifungo. Kimya alikuwa mbele, ana mtoto wa kumpima na akina mama wawili wanangoja. Baba Ndoo alikuwa mlangoni pake, kinyozi ana kichwa cha mtu mkononi.

Kimya aliinua macho, akamwona mwanamke amesimama nje. Alikuwa na mfuko mmoja wa nailoni. Milango ilikuwa wazi yote miwili, lakini mwanamke hakuingia. Alisimama mbele ya kizingiti, mikono nyuma, macho chini. Alikuwa anasubiri.

Kimya aliujua usimamaji huo.

"Karibu, shangazi," alisema.

Mwanamke alimtazama haraka, akainamisha tena kichwa. "Binti," aliuliza, "mama yako yuko wapi?"

Wateja waligeuka. Baba Ndoo akanyamaza, jambo lisilo la kawaida. Kimya alitazama vidole vyake vya miguu, kwa mazoea tu. Kisha akainua uso. Aliuweka utepe mezani, akaenda mpaka kizingitini, akamshika yule mwanamke mkono.

"Mama yangu yupo," alisema, na sauti yake ilifika mpaka kwa kinyozi. "Mama yangu yuko hapa. Ingia tu, mlango uko wazi."